Roboti Ziingie Kipindi cha Hadithi: Barua ya Wazi kutoka Amu

Kwa Waziri wa Elimu. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD). Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Serikali ya Kaunti ya Lamu. Na Makavazi ya Taifa, wasimamizi wa Ngome ya Lamu.

KUH: ROBOTI ZA SHULE ZA MSINGI ZIJE PAMOJA NA VITABU VYA HADITHI

Waheshimiwa,

Assalaam aleikum.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali hapa kisiwani Lamu, au Amu kama tuitavyo wenyewe. Naandika kwa sababu roboti na usimbaji, yaani kuiandikia kompyuta amri, vimeanza kutajwa kila panapozungumzwa mustakabali wa shule zetu, na namna vinavyotajwa inanitia wasiwasi. Kinachosikika ni chumba tu: chumba cha tarakilishi, chumba cha ubunifu, chumba chenye mlango wa chuma na kufuli mbili. Sijasikia mtu akitaja kitabu. Ombi langu ni moja, na yote yanayofuata ni kulieleza. Roboti zikija Lamu, zije na vitabu vya hadithi, ziingie kipindi cha Kiswahili, na mwalimu wa lugha akabidhiwe kabla ya mwingine yeyote.

Najua ombi hili linachekesha. Roboti ni mambo ya sayansi, hadithi ni mambo ya bibi. Nivumilieni.

Tulikotoka hatujakusahau. Mwaka 2013 tuliahidiwa vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Mradi ulipoanza kutekelezwa 2016 vikaja vishikwambi, pamoja na projekta na seva ya kuhifadhia masomo. Nchi nzima vilisambazwa zaidi ya milioni moja, na havikuwa vifaa vibovu. Lakini katika shule moja ninayoijua vizuri viliingia kabatini na ufunguo ukakaa ofisini. Betri zikafa kwa kutotumika, na hewa ya chumvi ikala matundu ya chaji. Hakuna aliyeiba, wala hakuna aliyekataza visitumike. Tatizo ni kwamba hapakuwa na kipindi kilichovihitaji. Hisabati ilikuwa na kitabu chake, Kiswahili kitabu chake, Sayansi kitabu chake, na vishikwambi vikabaki mgeni asiyejua akae wapi. Mwaka 2022 KICD ikaidhinisha mtaala wa usimbaji kwa shule za msingi na upili, na Kenya ikasifiwa kwamba imetangulia Afrika. Sifa tumezipokea. Swali la kipindi bado liko pale pale.

Jibu langu ni kwamba kipindi kipo, na kimekuwepo tangu shule zianze: ni kile ambacho mwalimu husema "Paukwa!" na darasa zima likaitikia "Pakawa!"

Chukueni ngano ya kima na papa. Kila bibi wa pwani anaijua, na Edward Steere alipokusanya ngano za Unguja na kuzichapisha mwaka 1870, alimkuta punda wa dobi tayari yumo ndani yake. Kima anakaa juu ya mkuyu ambao matawi yake yameinamia bahari. Papa huja chini yake, kima humtupia matunda, urafiki ukaota. Siku moja papa anamkaribisha kwao, anampakia mgongoni. Katikati ya safari anamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hapigi kelele. Anasema kwa adabu kwamba angeambiwa mapema angeuchukua, maana wao wakisafiri huiacha mioyo yao mtini. Papa anageuza. Kima akifika kwao anaparamia tawi la juu kabisa na kutulia, na papa akimwita ashuke anamuuliza, "Wanifanya mimi punda wa dobi?"

Sasa iwekeni ngano hiyo sakafuni. Karatasi za manila zimeunganishwa kwa gundi na kuchorwa miraba ya sentimita 15, kwa sababu kuna viroboti vya watoto wadogo ambavyo kila ukibonyeza mshale wa mbele vinakwenda hatua ya urefu huo huo, na ukibonyeza mshale wa kulia au kushoto vinageuka robo duara. Havina skrini wala havihitaji intaneti. Pembe moja ya karatasi pamechorwa mkuyu, pembe ya pili jumba la sultani, na katikati bahari yenye miamba ya kukwepwa. Kiroboti ndicho papa. Kima amefinyangwa kwa udongo na kukalishwa mgongoni.

Kazi ya kwanza ni ya kusoma. Papa anasimama wapi kutoa siri? Mtoto anayebahatisha anajibu "popote". Anayerudi kwenye ngano anaona kwamba ni katikati ya safari, basi lazima ahesabu miraba yote ya njia, aigawe kwa mbili, na ajue pale katikati papo juu ya maji au juu ya mwamba. Nimeona kundi likibishana kwa Kiamu kitupu, lahaja yetu, kwamba papa mjanja angengoja mpaka nchi kavu isionekane, na kundi jingine likijibu kwamba papa huyu si mjanja, angekuwa mjanja asingesema kitu. Mabishano ya namna hiyo juu ya tabia ya mhusika nimekuwa nikiyatafuta kwa maswali ya ubaoni miaka yote nisiyapate.

Kazi ya pili ni safari ya kurudi. Watoto karibu wote wanabonyeza amri zile zile za kwendea, na papa anaishia chini ya dawati. Wanacheka, wanajaribu tena, anaishia kwenye miguu ya mwalimu. Mwisho mmoja anatembea njia ile kwa miguu yake, na hapo anagundua mambo matatu: lazima papa ageuke nyuma kwanza, halafu amri zifuatwe kuanzia ya mwisho, na kila palipokuwa kulia pawe kushoto, na kushoto pawe kulia. Hiyo ni hisabati, na haikusomeshwa na mwalimu wa Hisabati. Kima alihitaji kurudi nyumbani, basi wakahangaika mpaka akarudi.

Punda mwenyewe, ambaye kima anamsimulia papa kisa chake, ndiye anayenifurahisha zaidi. Simba hajiwezi kwa ugonjwa, anamtuma sungura amletee nyama. Sungura anamrai punda wa dobi mpaka anakuja. Simba anamrukia, nguvu zinamwishia, punda anaponyoka. Sungura anakwenda tena, anamrai tena, na punda anakuja tena. Mara hii haponi. Simba anapouliza ulipo moyo na yalipo masikio, sungura aliyekwisha kuvila anajibu kwamba punda huyu hakuwa na moyo wala masikio, maana angekuwa navyo asingerudi mara ya pili.

Kwa watoto wa gredi ya tano na sita kuna kibao kidogo cha kompyuta kinachotosha kiganjani, kiitwacho micro:bit. BBC ya Uingereza ndiyo iliyoanza kuwagawia wanafunzi wa huko bure mwaka 2016. Kina vitaa 25, vitufe viwili, kinatumia betri mbili ndogo za dukani, na toleo lililotoka 2020 lina maikrofoni. Kifungeni juu ya kigari cha katoni chenye mota mbili na saketi ya kuziendesha, na mnaye punda mwenye masikio. Watoto wanaandika amri: ukisikia sauti kubwa kupita kiasi fulani, geuka ukimbie. Darasa zima linanguruma, punda anakimbia, kelele zinafika mpaka ofisi ya mwalimu mkuu.

Halafu yanaanza malalamiko. "Mwalimu, sasa hadithi imekwisha kabla haijaanza." Ni kweli, punda aliyewekewa masikio hafiki hata mara ya kwanza. Tunarudi kwenye ngano. Mwingine anainua mkono na kusema kwamba sungura amedanganya, kwani punda alisikia vizuri, ndiyo maana alikimbia mara ya kwanza. Alichokosa ni kukumbuka. Basi punda anahitaji kumbukumbu: sanduku dogo ndani ya programu la kuhesabia mara ngapi ameshaona hatari, na sharti kwamba ikiwa hesabu imefika moja, asije tena hata abembelezwe vipi. Mtoto aliyefika hapo amehakiki fasihi na ameandika programu kwa wakati mmoja, na ukimwomba atenganishe viwili hivyo hawezi. Sungura kuitwa mwongo, tena kwa hoja, ni jambo ambalo sikulitaraji kusikia katika gredi ya tano.

Haya hatukuyazua sisi. Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini, alishiriki mwaka 1967 kuunda lugha ya Logo, na baadaye watoto wakaitumia kumwongoza kobe wa mashine aliyechora sakafuni. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto ndiye aisomeshe kompyuta, isiwe kompyuta ndiyo inayomsomesha mtoto. Katika Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, kuna watu wanaosaidia walimu wa shule za msingi kutumia vitabu vya hadithi kama chanzo cha uhandisi: mtoto anasoma, anatafuta shida inayomkabili mhusika, anamfanya mhusika huyo kuwa mteja wake, halafu anamuundia kifaa. Kwao mteja anatoka katika vitabu vya kwao. Sisi wateja wetu wametuzunguka.

Kuna mteja gani bora kuliko Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi yetu ya pwani? Yumo gerezani na anangojwa kuuawa. Kila siku kijakazi Saada humletea chakula kutoka kwa mamake, na kila siku walinzi wanakula kizuri na kumwachia kibaya. Liyongo anamtuma Saada kwa mafumbo, mama anaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ya kukatia pingu ndani yake, na walinzi wanautupilia mbali kwa mfungwa kwa sababu ni wa wishwa. Kisha inapigwa ngoma kubwa ili mlio wa tupa usisikike. Mama yule aliutumia ulafi wa walinzi kama sehemu ya mtambo wake. Waulizeni watoto: tupa isingepatikana, mngempelekea nini? Kipite wapi? Kikilia, mtaufichaje mlio? Wapeni mota, mpira wa kufungia, kengele ya betri na katoni, muone watakachounda.

Na mahali pa kulifanya hili pako. Ngome ya Lamu, iliyokamilika mnamo 1821, ilikuwa jela mpaka 1984. Leo ni makavazi na ndani yake mna maktaba. Ndugu zetu wa Makavazi, watoto wakibuni jinsi ya kumtoa Liyongo gerezani ndani ya jela ya kweli, hawatasahau somo hilo mpaka wazeeke. Tupeni ukumbi asubuhi moja kila wiki ya muhula, ndani ya saa za shule.

Nasema ndani ya saa za shule kwa makusudi. Wataalamu wakija kutoka Nairobi hutushauri tuanzishe klabu za roboti baada ya masomo. Amu jioni watoto wako chuoni, wanasoma Kurani, na wikendi vivyo hivyo. Hakuna mzazi hapa atakayemtoa mtoto chuoni kwa ajili ya roboti, wala mimi sitamwambia afanye hivyo. Klabu ya jioni itawapata wachache tu, na wengi wao watakuwa wavulana ambao nyumbani hawaulizwi wako wapi. Katika kipindi cha Kiswahili wote wapo. Wasichana wangu waliokaa nyuma ya mlango siku ya kompyuta ndio waliokuja mbele tuliposema tunataka mtu wa kuisimulia njia ya papa kabla haijaandikwa. Kwa sababu ya hadithi waliingia bila kujiona wanaingia mahali pa wengine.

Kanuni yangu darasani ni kali kidogo. Hakuna anayegusa roboti kabla ngano haijasimuliwa mwanzo mpaka mwisho na mtoto, kwa mdomo wake, bila kitabu. Ninajua mvuto wa kitu kinachotembea. Ukikitoa kabla ya wakati, kima na papa wanageuka visingizio, na katika dakika kumi darasa linashindana nani atamgonga nani. Kwa sababu hiyo hiyo nawasihi msituagizie vile vijitabu vilivyoandikwa ili kuuza mashine, ambamo mhusika mkuu ni roboti mzuri anayewafundisha watoto kupanga amri. Havina hadithi ndani yake. Mtoto anajua anapouziwa kitu.

Tunahitaji vitabu vya kweli, na havipo vya kutosha. Mpango wa Tusome ulianza kuingia shule zote za umma mwaka 2015, ukaleta vitabu vya kusoma vya Kiswahili na Kiingereza kwa madarasa matatu ya mwanzo, na mafanikio yake tuliyaona kwa macho. Ukifika gredi ya nne unaingia jangwani: kitabu cha kiada kipo, cha kusoma kwa raha hakipo. Shule hupewa shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka mzima, na mwalimu mkuu aliye na choo kinachovuja hatanunua hadithi. Lakini zipo hadithi zisizouzwa. Mradi wa African Storybook umeweka hadithi za watoto, zikiwemo za Kiswahili, kwa leseni huria inayoruhusu kuchapisha na kunakili. Vile vishikwambi vya kabatini ambavyo bado vinawaka vinaweza kujazwa hadithi hizo mara moja na kutumika bila intaneti. Na programu ya Scratch, ambayo watoto huitumia kupanga amri kwa vipande vya rangi na kuvihuisha vibonzo vya hadithi, inapatikana bure kwa Kiswahili. Hayo mawili peke yake yangefufua vifaa ambavyo serikali ilikwisha kuvilipia.

Tena msidhani ni lazima tungoje sanduku la roboti. Somo la kwanza halihitaji hata betri. Mtoto mmoja anafungwa kitambaa machoni, anakuwa papa. Wenzake wanamwandikia amri katika vikadi: hatua tatu mbele, kushoto, hatua mbili. Msomaji anasoma kadi kama zilivyo, na papa anatii kama zilivyo, hata akigonga ukuta. Wiki nzima ya kazi imo humo. Baada ya hapo kuna katoni, vizibo vya chupa, vijiti vya nazi, mabomba ya sindano yasiyo na ncha yaliyojazwa maji ya kuinulia taya la simba, mota za midoli iliyovunjika.

Ama mafundi, Lamu haijapata kupungukiwa. Mafundi wa hapa walitengeneza jahazi la Flipflopi kwa plastiki taka na ndara zipatazo elfu thelathini, likateremka majini 2018 na mapema mwaka uliofuata likasafiri mpaka Unguja. Matondoni bado wanachonga vyombo. Watoto wa Pate na Faza wanaunda vidau vya kuchezea vyenye tanga na usukani unaofanya kazi. Mtoto anayejua kwa nini kidau chake kinakwenda upande anaelewa urekebishaji wa mtambo zaidi ya yule aliyepewa roboti iliyokamilika ndani ya boksi. Fundi mmoja akialikwa darasani kwa kipindi kimoja, anasomesha kitu ambacho hakimo katika mwongozo wowote wa mwalimu.

Sasa nani afanye nini. Hapa ndipo barua kama hizi hupotelea, kwa sababu kila ofisi inatuelekeza kwa nyingine. Kwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, shule ya msingi ni jukumu la serikali kuu, lakini chekechea na maktaba ni za kaunti. Kwa hiyo Mheshimiwa Gavana asituambie kwamba vitabu vya watoto havimhusu. Kaunti inaweza kabisa kununua masanduku ya vitabu na roboti kama mali ya maktaba, na kuyazungusha shuleni. Jirani zetu wa Garissa walianza kupelekewa vitabu kwa ngamia mwaka 1996. Sisi tuna mashua na punda. Sanduku moja lenye viroboti vichache, vibao vya kompyuta, betri za akiba na nakala za hadithi za kutosha darasa likae shule moja kwa wiki chache, kisha lihamie nyingine, Lamu Magharibi na Lamu Mashariki. Ratiba yake ipangwe na mtu anayejua kujaa na kupwa kwa maji yetu, isije ikapangwa Nairobi kwa kalenda ya ukutani. Na sanduku liwe la kufungwa vizuri lisiingize hewa, lenye vile vifuko vya kunyonya unyevu. Chumvi yetu haina huruma.

KICD, mtaala wenu wa umilisi unataja mawasiliano, ubunifu, fikra makini na ujuzi wa dijitali katika orodha moja. Mliviweka pamoja. Kwa nini miundo ya masomo inavitenganisha? Katika mwongozo wa Kiswahili wa gredi ya nne mpaka ya sita, chini ya kusoma kwa mapana, ongezeni mradi mmoja tu kwa mwaka ambapo ngano inasomwa, inasimuliwa, kisha inatendeshwa na mashine iliyopangwa na watoto. Msitulazimishe kutumia kifaa fulani. Andikeni tu kinachotakiwa kuonekana mwishoni. Baraza la Mitihani nalo liukubali mradi huo katika tathmini za shuleni za gredi ya nne na ya tano. Wazazi waliowahi kutumwa saa tatu usiku kutafuta vitu vya mradi ambao hawakuelewa ni wa nini watashukuru kupata mradi unaomalizikia darasani.

TSC, mimi mwalimu wa Kiswahili sijawahi kualikwa katika mafunzo ya teknolojia. CEMASTEA, kituo cha mafunzo ya walimu, huwafunza wa Sayansi na Hisabati, na hufanya kazi nzuri. Semina ijayo inayohusu roboti, kila shule ilete wawili: wa Sayansi na wa lugha, wakae meza moja, waondoke na mpango mmoja wa somo. Gharama inayoongezeka ni ya kiti kimoja na chakula cha mchana. Atakayekuwa mzito zaidi ni mwalimu wa lugha, najua wenzangu, wengi wataogopa waya. Wapewe ngano ya kima wataacha kuogopa.

Kuna atakayesema kwamba roboti ni anasa katika kaunti ambamo shule za wadi ya Basuba zilifungwa miaka kwa ajili ya usalama, na watoto wa Kiboni wakakaa bila darasa. Simpingi. Ikiwa kuna shilingi moja na ni lazima ichague kati ya sanduku langu na kuweka mwalimu na ulinzi katika shule ya Mangai au Mararani, ipelekwe huko leo. Lakini tumeona kwamba shilingi hiyo haichagui hivyo. Hununua chumba chenye kufuli mbili mjini, ikapigwa picha. Shilingi hiyo ya chumba ndiyo ninayoigombania. Na shule za Basuba zikifunguka sawasawa, sanduku la vitabu lenye kiroboti kimoja lifike huko mapema kuliko kwetu, maana Waboni wana ngano za mwituni ambazo sijaziona katika kitabu chochote cha shule, na wanaozijua wanazeeka.

Hilo nalo lisingoje. Kabla ya kununua chochote, kaunti iwalipe vijana wachache waliomaliza sekondari wazunguke na simu zao wawarekodi mabibi na mababu wa Siyu, Kizingitini, Ndau, Kipungani na Hindi wakisimulia, kwa Kiamu, kwa Kipate, kwa Kitikuu, kwa Kiboni, kila mmoja kwa lugha yake. Gharama yake ni nauli ya boti, vocha za simu na posho ndogo. Walimu tutachagua na kuandika upya kwa ajili ya madarasa. Hayo ndiyo yatakayokuwa maktaba ya roboti zetu.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa kufika katika bunge la kaunti kabla ya kwisha Aprili. Vikao vya maoni ya wananchi vinatangulia. Mimi na walimu wenzangu wa lugha, pamoja na wazazi wa gredi ya nne mpaka ya sita, tutahudhuria kikao cha wadi yetu tukiwa na karatasi moja yenye kifungu kimoja: masanduku ya vitabu na roboti chini ya huduma za maktaba, pamoja na fedha za kurekodi ngano. Tunaomba kabla ya siku hiyo Idara ya Elimu ya kaunti itujibu kwa maandishi kama kifungu hicho kinawezekana, na ofisi ya TSC ya kaunti itutajie jina la afisa atakayesimamia ratiba ya sanduku. Tutakuja pia na manila yetu, miraba ishachorwa. Mheshimiwa yeyote atakayetaka kumrudisha kima nyumbani kwa amri zake mwenyewe atapewa vikadi.

Wenu mtiifu,

Mwalimu wa Kiswahili
Shule ya msingi ya umma, Kisiwa cha Lamu